Kungoja Giza: Kambi za Wavuvi wa Ndakala katika Fizi na Baraka

Katika pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Makobola upande wa kaskazini, kupitia Mboko, Nundu, Lweba na mji wa Baraka, hadi Kazimia upande wa kusini, uvuvi wa dagaa, ambao wakazi wa huko humwita ndakala, haufuati wiki wala kalenda ya ukutani, bali hufuata mwezi wa angani. Ndakala huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo kila mwezi unapokaribia kujaa, mitumbwi hupandishwa mchangani na kazi husimama kwa siku kadhaa, mara nyingi kati ya tano na nane, hadi mwezi uanze kuchelewa kuchomoza na giza lirudi mwanzoni mwa usiku. Siku hizo za kungoja zimepewa nafasi ndogo katika maandishi kuhusu ziwa, ambayo yamejishughulisha zaidi na usiku wa kuvua, uzito wa samaki na aina za nyavu. Hata hivyo, ni katika siku hizo ndipo kambi ilipoundwa, mabaharia walipopatana na mwenye chombo, madeni yalipolipwa au kusogezwa mbele, na familia zilipoamua nani atalala ufukweni na nani atabaki shambani. Insha hii inashikilia kwamba ziwa lilikuwa na desturi yake ya kufungwa na kufunguliwa muda mrefu kabla ya serikali yoyote kutunga sheria ya msimu, na kwamba historia ya Fizi, pamoja na misukosuko yake yote, inasomeka vizuri katika swali la nani, kwa kila zama, alikuwa na uwezo wa kusema kwamba sasa mitumbwi iingie majini.

Fizi ni mojawapo ya teritwari nane za Jimbo la Kivu Kusini. Teritwari ni eneo la utawala lililo chini ya jimbo, na hii ya Fizi imegawanyika katika sekta nne, yaani Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja. Nchi hii ina sura mbili zinazotazamana: nyuma kuna milima inayopanda kwa ghafula kuelekea Itombwe, na mbele kuna ziwa, ambalo karibu asilimia 45 ya eneo lake imo ndani ya mipaka ya Kongo. Baraka imeketi kwenye ghuba ambayo ramani huiita ghuba ya Burton, na ambayo upande wa mashariki imekingwa na rasi ndefu ya Ubwari, kiasi kwamba maji ya ndani ya ghuba hutulia hata wakati ambapo nje ya rasi mawimbi ni makali. Kina cha ziwa hufika mita 1,470, na ni Baikal la Siberia peke yake linalolizidi duniani. Lakini maji ya chini hayana hewa ya oksijeni, na maisha yote ya samaki yamebanwa katika tabaka la juu lisilozidi sana mita 200.

Katika tabaka hilo wanaishi samaki wawili wadogo wanaobeba jina la dagaa au ndakala, ambao wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wote wawili wakiwa wa ukoo wa samaki wa baharini waliozoea maji baridi tangu zama za kale sana. Yule wa kwanza, ambaye ndiye mwingi zaidi katika maji ya wazi, kwa kawaida hazidi sentimita 10 na huishi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, jambo ambalo lina maana kubwa kwa mvuvi, kwa sababu akiba ya ziwa hujizalisha upya haraka na pia huweza kuporomoka haraka. Mchana hushuka chini; usiku hupanda juu akifuata vijidudu vidogo vinavyoelea majini, naye mgebuka, ambaye upande wa Uvira na Burundi huitwa mukeke, hupanda nyuma yake akimwinda. Mwanga ukiwekwa juu ya maji katika usiku wa giza, vijidudu na ndakala hukusanyika chini yake; mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali na samaki hana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Ufundi wote wa kambi, na kalenda yake yote, vimejengwa juu ya jambo hilo moja.

Haitakuwa sawa kuitazama kambi ya ufukweni bila kwanza kuitazama kambi ya mlimani, kwa kuwa wengi wa watu waliokuja kuvua walitoka katika jamii zilizojua kuweka kambi kwa ajili ya uwindaji. Wabembe, ambao ndio wengi katika Fizi, ni ndugu wa Walega kwa lugha na kwa asili, na walishuka kutoka misitu ya magharibi na kaskazini-magharibi kuelekea ziwani, wakiwakuta au wakiambatana na makundi mengine yaliyoishi kwa mishale, mitego na asali. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti katika eneo hili kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 hadi mwanzo wa miaka ya 1960, aliwapa wawindaji hao wa kale umuhimu mkubwa kiasi cha kuwawekea kitabu kizima mnamo 1981, kinachohusu sanamu za wahenga wao. Katika uwindaji wa nyavu, ambao ulienea katika misitu yote ya Kongo ya mashariki, kila mwanamume alileta wavu wake uliosokotwa kwa nyuzi za mimea, nyavu ziliunganishwa ncha kwa ncha na kuwa ukuta uliopinda, kisha wengine waliingia kichakani na mbwa waliofungwa kengele za mti shingoni, wakipiga kelele na kuwafukuza paa, mbawala na nguruwe mwitu kuelekea kwenye nyavu. Kazi hiyo haikuweza kufanywa na mtu mmoja, wala haikuweza kuanza siku yoyote ile; ilitanguliwa na kikao cha wazee kwenye lubunga, yaani nyumba ya baraza ambamo wanaume wa Kibembe hukutana kuamua mambo ya ukoo, na ilitanguliwa pia na kuhamia porini, kujenga vibanda vya majani, kupeleka unga na ndizi, na kukubaliana mapema jinsi nyama itakavyogawanywa, ili asitokee mtu wa kugombana huku mnyama akiwa bado na joto.

Mambo matatu ya kambi ya mlimani yanaonekana pia ufukweni: kwamba chombo kikubwa cha kazi huundwa kwa kuunganisha mali ya watu wengi, kwamba mgawanyo huamuliwa kabla ya mavuno, na kwamba mtu mwenye haki ya kufungua kazi si lazima awe ndiye hodari zaidi katika kazi yenyewe. Inawezekana kabisa kwamba mfanano huu umetokana na mahitaji ya kazi tu, si urithi. Lakini katika nchi ambayo familia moja ilikuwa na ndugu mlimani na ndugu ziwani, na nyama iliyokaushwa ilishuka huku ndakala wakipanda, ni vigumu kuamini kwamba desturi za kambi moja hazikuigusa nyingine.

Uvuvi wa zamani wa usiku ulitumia moto badala ya taa. Kwenye kichwa cha mtumbwi uliochongwa katika gogo moja, mafungu ya matete makavu au kuni yaliwashwa na kushikiliwa juu ya maji, na mvuvi aliyesimama nyuma ya moto alitumia lusenga, ambayo ni wavu wenye umbo la mfuko uliofungwa kwenye duara la mti na kutiwa mpini mrefu, akawachota ndakala waliopanda kwenye mwanga. Chombo hiki kilihitaji watu wachache, lakini moto ulihitaji shehena ya kuni na matete, nayo ililazimu siku kadhaa za kukata, kukausha na kufunga mafungu; kwa hiyo hata katika zama hizo siku za mbalamwezi zilikuwa siku za kazi ya nchi kavu, na mwanamume aliyeingia gizani bila mafungu ya kutosha alirudi kabla ya alfajiri akiwa na mtumbwi mtupu.

Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka Ujiji kwa mitumbwi na kufika Uvira mnamo Aprili 1858, walipita kwenye maji haya na kuiandika Ubwari kuwa kisiwa, kosa ambalo lilikaa katika ramani hadi Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa mnamo 1876 na kuonyesha kwamba imeungana na bara. Kosa hilo lina somo lake. Wasafiri hao walitegemea wapiga makasia wa Ujiji, ambao walikuwa na njia zao, vituo vyao vya kulala na hofu zao kuhusu Wabembe, na waliona pwani ya magharibi kutoka majini, kwa haraka, kama watu wanaopita mbele ya nyumba wasiyoalikwa. Maisha ya kambi za wenyeji, ambazo zilikuwa zimefichwa ndani ya ghuba na kwenye vifuko vya mchanga kati ya mawe, hayakuwafikia.

Katika miongo iliyofuata, biashara iliyoongozwa kutoka Ujiji na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu iliibadilisha pwani hii kwa njia mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja iliufungulia uvuvi soko pana, ikaleta lugha ya Kiswahili na Uislamu, ambavyo vimekita mizizi Baraka na Ubwari hadi leo. Kwa upande mwingine ilileta bunduki na utumwa, na katika miaka ya 1880 nguvu za mfanyabiashara Rumaliza, ambaye jina lake kamili ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani, zilitanda kaskazini mwa ziwa. Wamisionari wa Kanisa Katoliki waitwao Mapadre Weupe, waliojaribu kuweka vituo Masanze na Kibanga karibu na Ubwari katika miaka hiyohiyo, walikusanya humo watu waliokimbia au kukombolewa. Kwa mvuvi, zama hizo zilimaanisha kwamba moto wa usiku, ambao uliwaita samaki, uliweza pia kuwaita watu wabaya, na kwamba kulala ufukweni katika vibanda vya wazi kulihitaji ulinzi au rafiki mwenye nguvu.

Uislamu wa Baraka ulileta pia jambo ambalo limekosa kuangaliwa na wanahistoria wa uvuvi, nalo ni kwamba mwezi uleule uliohesabiwa na mvuvi sasa ulihesabiwa na msikiti. Mwezi mwandamo, ambao kwa Mwislamu hufungua Ramadhani na kuifunga, huangukia katikati ya giza, yaani katika usiku bora kabisa wa ndakala. Maana yake ni kwamba Idi humkuta mvuvi pale ambapo kazi yake imepamba moto. Kambi yenye Waislamu ilipaswa kulipatia jambo hili ufumbuzi kila mwaka, ama kwa kusimamisha vyombo usiku mmoja, ama kwa kuwaachia wasio Waislamu zamu ya usiku huo, na mapatano ya namna hiyo, ambayo hayakuandikwa popote, ni sehemu ya sababu iliyowafanya Wabembe, Wabwari, Wazoba na wengine kuweza kushiriki ufuko mmoja.

Utawala wa Wabelgiji ulikuja na wazo tofauti la ufunguzi. Dekreti ya tarehe 21 Aprili 1937, ambayo iliweka pamoja uwindaji na uvuvi katika sheria moja, ilichukulia kwamba wanyama na samaki ni mali inayosimamiwa na dola, na kwamba dola ndiyo itakayosema nani aruhusiwe, kwa chombo gani, na wakati gani. Milimani, sheria hiyo ilimgeuza mwindaji wa nyavu kuwa mtu anayehitaji kibali. Ufukweni ilikuwa na nguvu ndogo zaidi, kwa sababu hakuna afisa aliyeweza kuhesabu mitumbwi iliyotawanyika gizani katika pwani ndefu isiyo na barabara nzuri. Mnamo 1948 utawala huo ulipiga marufuku Bwami, jumuiya ya vyeo na maadili ambayo kwa Walega na Wabembe ilikuwa nguzo ya mamlaka, na hivyo wazee waliokuwa na sauti juu ya ardhi na misimu yake wakapunguziwa uzito mbele ya vijana. Swali la nani afungue kazi likaanza kuwa na majibu mawili katika kijiji kimoja.

Miaka hiyohiyo ilileta wanasayansi na, muhimu zaidi, ilileta taa. Msafara wa Kibelgiji wa uchunguzi wa maji ulilipima ziwa mnamo 1946 na 1947, na taasisi ya utafiti iliyojulikana kama IRSAC, iliyoundwa mnamo 1947, ilifungua kituo Uvira ambacho ndicho chimbuko la kituo cha leo cha utafiti wa maji cha mji huo. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walianza kutumia meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia upande wa Bujumbura, iliyoitwa Usumbura wakati huo, na kwa wavuvi wadogo ukaingia mtindo wa mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba kwa miti, ambao Kigoma huitwa kipe. Kati ya mitumbwi hiyo miwili wavu mpana hushushwa mita nyingi chini, taa za mafuta zenye mgandamizo wa hewa huning'inizwa juu yake, na baada ya saa kadhaa za kungoja wavu huinuliwa na watu wote kwa pamoja. Baadaye vilifuata vyombo vikubwa zaidi vilivyopewa jina la Apolo.

Taa ya mafuta iliibadilisha kambi kuliko utawala wowote. Mafungu ya matete yalikatwa na yeyote mwenye panga, lakini taa, mafuta yake, na kile kijifuko chepesi cha nyuzi kinachowaka ndani ya kioo, ambacho huvunjika kikiguswa vibaya, vyote vilinunuliwa kwa fedha. Hapo ndipo alipotokea kwa ukamilifu mtu anayeitwa mwenye chombo, ambaye huenda asishike kamba hata siku moja, lakini ndiye mwenye mitumbwi, wavu na taa. Na ndipo mabaharia, yaani vijana wa kazi, walipoanza kufika kambini wakiwa na mikono yao tu. Kabla ya mgawanyo, gharama za mafuta na matengenezo hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia kwa fungu waliloafikiana. Na kwa kuwa baharia hula kwa mkopo katika siku za mbalamwezi ambapo haingizi kitu, mara nyingi huingia gizani akiwa tayari anadaiwa. Wingi wa samaki haukumwondoa katika hali hiyo, na hapa insha hii haioni sababu ya kuipamba kambi: undugu wake ulikuwa wa kweli, na deni lake lilikuwa la kweli pia.

Kambi hutulia kwa utaratibu ambao hubadilika kidogo tu kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Wanaotangulia ni wale wenye kazi ya mbao: mtumbwi uliopinduliwa juu ya magogo hukaguliwa ufa kwa ufa, na mahali panapovuja hukalafatiwa, yaani hushindiliwa pamba iliyolowekwa mafuta kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, pigo dogodogo, hadi pamba ikatae kuingia zaidi. Kando yao wavu hutandazwa kwenye mchanga au kuanikwa juu ya miti, na washonaji huketi ndani yake miguu ikiwa imenyooshwa, wakishikilia jicho la wavu kwa kidole gumba cha mguu ili libaki limekazwa, huku sindano ya mti iliyojazwa uzi ikipita, ikazunguka na kufunga fundo. Tundu ambalo mtu wa kawaida hawezi kuliona hupatikana kwa kupitisha kiganja, na mshonaji mzee hulipata huku akizungumza mambo mengine. Taa hujaribiwa mchana, kwa kuwa taa inayozimika katikati ya ziwa huwatawanya samaki waliokusanywa kwa saa tatu. Wanawake hufika na unga wa muhogo, mafuta ya mawese na sufuria, na kufika kwao hakumaanishi kupika peke yake, kwani wengi wao ndio wanunuzi wa ndakala wa kwanza, na baadhi huwakopesha mabaharia fedha ili wawe na haki ya kuuziwa kabla ya wengine. Huchagua pia mahali pa kuanikia, penye mchanga safi au nyasi fupi, au hutengeneza vichanja, ambavyo ni meza za miti na wavu zinazowainua samaki juu ya ardhi ili upepo upite chini yake na mvua isiwachanganye na mchanga.

Watoto hupewa kazi ya maji na kuni, nao hujifunza majina ya nyota, ya pepo na ya samaki bila mtu kuwaketisha chini. Jioni za siku hizo za mwisho wa mbalamwezi ndipo mashauri ya familia yalipofanywa, kwa sababu ilikuwa mara chache kwa baba, wajomba, wakwe na marafiki wa vijiji mbalimbali kuwa mahali pamoja bila kazi ya kuwatawanya: mahari ilizungumzwa, kijana mpya alitambulishwa kwa mwenye chombo na mjomba wake ambaye alijifunga kuwa mdhamini, na ugomvi wa giza lililopita ulisuluhishwa, kwa kuwa ilichukuliwa kuwa ni hatari kuwaweka watu wawili wasiosemezana kwenye kamba moja. Mzee wa ufuko, ambaye katika sehemu nyingi alikuwa wa ukoo wenye ardhi ya pale, alisema neno la kuwaombea, na baadaye mchungaji au shehe alifanya vivyo hivyo. Ndipo, mwezi unapochelewa vya kutosha kuacha saa mbili au tatu za giza baada ya magharibi, chombo cha kwanza kilisukumwa majini, na vingine vilisubiri kuona kitarudi na nini.

Vita vilivuruga utaratibu huo mara nyingi kuliko inavyoweza kuelezwa hapa. Maasi ya Simba ya 1964, dhidi ya serikali ya Kongo, yalikuwa na ngome yake ya mwisho katika Fizi. Mnamo Aprili 1965 Ernesto Che Guevara na Wakuba wake walivuka ziwa usiku kutoka Kigoma na kushuka Kibamba kuwasaidia waasi, na mwishoni mwa Septemba mwaka huo mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, waliishambulia Baraka kutokea majini, hadi Wakuba walipoondoka mnamo Novemba. Mnamo 1967 Laurent-Désiré Kabila aliunda chama chake cha PRP katika milima ileile na kubaki humo kwa miaka mingi. Katika hali kama hiyo mtumbwi wenye taa usiku haukuwa tena alama ya uvuvi peke yake: kwa mwenye bunduki yeyote aliyesimama ufukweni, mwanga majini uliweza kuwa mvuvi, msafirishaji wa silaha au adui anayekuja. Waliokuwa na bunduki ndio walioamua kama ziwa limefunguliwa, na mara kwa mara walitoza samaki au fedha kwa uamuzi huo.

Vita vya 1996 na vile vya 1998 viliwageuza wavuvi wengi kuwa wakimbizi, na ujuzi wao wa maji ya usiku ndio uliookoa maisha ya maelfu waliovushwa kwenda Kigoma. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mnamo 1996 wilayani Kasulu, na katika ile ya Lugufu, kizazi kizima cha watoto wa Fizi kilikua mbali na ufuko, kikijua neno kambi kwa maana nyingine kabisa: mahali pa mgao wa unga na ruhusa ya kutoka. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilipoanza mnamo Oktoba 2005 kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, waliorudi walikuta mitumbwi imeoza au ina wenye wapya, na vijana wengi walilazimika kujifunza ukubwani kile ambacho baba zao walikijua wakiwa na miaka kumi. Upotevu huu ni mzito kuliko upotevu wa nyavu, kwa kuwa wavu hununuliwa.

Wakati huohuo idadi ya wanaovua iliongezeka kila upande wa ziwa. Hesabu ya nchi zote nne iliyofanywa mnamo 1995 ilipata wavuvi karibu 45,000 katika fuko karibu 800, na ile ya 2011 ilipata karibu 95,000. Mnamo 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, na hivyo kupunguza virutubisho, kiasi kwamba uzalishaji wa msingi wa ziwa ulikadiriwa kushuka kwa asilimia 20 hivi na mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Tangu 2020 ziwa lenyewe limepanda na kumeza nyumba katika Baraka, Uvira na Bujumbura, pamoja na mchanga ambao kambi zilitandazwa juu yake.

Mkataba wa usimamizi wa ziwa uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia ulizaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura, na katika mfumo huo nchi zilikubaliana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, jambo lililotekelezwa Tanzania mnamo 2024. Lengo lake ni jema na linastahili kuungwa mkono, kwani samaki anayeishi mwaka mmoja hunufaika haraka anapoachwa azae. Lakini kwa baharia wa Baraka, ambaye alizoea kuvumilia siku nane bila kipato kwa mkopo wa mwenye chombo na wa wanawake wanunuzi, miezi mitatu ni deni la aina nyingine, ambalo hakuna mtu kambini mwenye mfuko wa kulibeba. Na sheria isiyotaja deni hilo humwachia mvuvi maskini mzigo wote wa kuliokoa ziwa.

Tena, tarehe zilizowekwa hazikuuliza mwezi. Kipindi cha 2024 kilipokwisha tarehe 15 Agosti, mwezi ulikuwa umebakiza siku nne tu kujaa, kwa kuwa mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19. Ziwa lilifunguliwa kwa karatasi wakati ambapo taa haina faida, na chombo kilichoshushwa usiku huo kilichoma mafuta bure. Mwaka uliofuata mwezi mpevu ulikuwa tarehe 9 Agosti, kwa hiyo tarehe ileile 15 iliangukia mwanzo wa giza, na kambi iliyojitayarisha ingeweza kuingia majini kesho yake. Wataalamu wa mamlaka hiyo wana kalenda za mwezi za miaka mingi mbele, na wazee wa fuko za Mboko, Baraka na Kazimia wanaweza kuwaonyesha katika jioni moja ni usiku upi wa mwezi ambao chombo cha kwanza hutangulia. Kusogeza tarehe ya ufunguzi kwa siku chache kila mwaka kungetosha kuzikutanisha hesabu hizo mbili.